Maswali ya Wasomaji: Ugonjwa na Dharura Siku za Mitihani ya Sheria

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa sheria na wazazi wao, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu afanye nini pale maradhi, uzazi au msiba unapomkuta siku za mitihani. Sishangai kuona hofu hii imekua. Tangu yale matokeo ya mwaka 2022 ya taasisi yetu ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo jijini Dar es Salaam, ambapo wanafunzi 26 tu kati ya 633 walifaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja, na Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo, wanafunzi wengi wanaona kukosa mtihani mmoja ni sawa na kuporomokewa na nyumba. Matokeo yake wanaingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa hawajiwezi. Nimechagua barua tano.

Swali: Shikamoo Wakili. Nasoma mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Usiku wa kuamkia mtihani wa mwenendo wa mashauri ya madai nilishikwa na homa kali, nikapimwa kwenye zahanati iliyo karibu na ninapopanga, nikaambiwa nina malaria na nikapewa dawa mseto. Wenzangu walinishauri niingie hivyo hivyo, kwa sababu nisipotokea nitahesabiwa mtoro. Niliingia, nikajibu maswali mawili kati ya matano, kisha nikazidiwa nikaomba kutoka. Matokeo yametoka na nimefeli somo hilo. Karatasi ya zahanati ninayo. Je, nikiipeleka sasa, matokeo yangu yatafutwa? — *Msomaji, Sinza*

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nitaanza na lile usilopenda kulisikia, kisha nikuonyeshe mlango uliobaki wazi.

Mwanafunzi anayeingia kwenye chumba cha mtihani, akasaini karatasi ya mahudhurio na kufungua kijitabu cha majibu, huchukuliwa kuwa amekubali mwenyewe kwamba afya yake inamruhusu. Msimamo huo una ukali wake, lakini una sababu: kama cheti cha ugonjwa kingepokelewa baada ya matokeo, kila aliyefeli angekwenda kukitafuta, na yule aliyeugua kweli asingeaminika tena. Kwa hiyo ukiandika barua ya kuomba "matokeo yafutwe kwa kuwa nilikuwa mgonjwa", tarajia kukataliwa.

Usiandike hivyo. Jambo lako lina upande mwingine ambao wewe mwenyewe umeutaja kwa haraka, nao ndio wenye nguvu: hukumaliza mtihani. Ulizidiwa, ukaomba kutoka, na msimamizi akakuruhusu. Kwa kawaida msimamizi hutakiwa kuandika tukio la namna hiyo katika ripoti yake, akionyesha jina au namba ya mtahiniwa na saa aliyotoka. Nenda ofisi ya mitihani ukaulize kwa adabu kama ripoti hiyo ipo. Ikiwapo, utakuwa na nyaraka mbili zinazosema jambo moja bila kupangwa: karatasi ya zahanati yenye tarehe ya usiku uliotangulia, na ripoti ya msimamizi ya asubuhi yake. Ombi lako liwe kwamba mtihani ule uhesabiwe kuwa ulikatizwa na ugonjwa, na upewe nafasi ya kuufanya upya kama mtihani maalumu. Liwasilishe kwa njia ya rufaa ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni, ambao mara nyingi huhesabiwa kwa siku tangu matokeo yatangazwe, na kama kuna ada ya rufaa, ilipe na utunze risiti.

Natilia mkazo maneno "mtihani maalumu" kwa sababu wanafunzi wengi huyachanganya na sapu. Katika vyuo vyetu vingi, anayefanya sapu amekwishafeli, na hata akiandika majibu mazuri namna gani, daraja lake haliruhusiwi kupita C. Anayefanya mtihani maalumu huhesabiwa kuwa anaufanya kwa mara ya kwanza, ingawa huenda akaketi siku moja na chumba kimoja na hao wa sapu, na akipata A ataandikiwa A. Ukikubali sapu kimyakimya ilhali ulistahili mtihani maalumu, umeipoteza haki hiyo mwenyewe.

Sasa niseme ulichopaswa kufanya usiku ule, kwa faida ya watakaosoma. Tuseme ulipimwa saa nne usiku na mtihani ulikuwa saa tatu asubuhi: ulikuwa na karibu saa kumi na moja mbele yako. Ungemwomba mganga aandike jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha chuo, kipimo alichofanya na majibu yake, saa, idadi ya siku za kupumzika, kisha asaini na kugonga mhuri. Halafu, kabla hujalala, ungetuma barua pepe fupi kwa ofisi ya mitihani, yenye nakala kwa mshauri wa wanafunzi, ukisema hivi: "Mimi fulani, namba ya usajili fulani, nimeugua tangu jioni ya leo, nimepimwa katika zahanati fulani na kugundulika kuwa na malaria, na mganga ameshauri nipumzike siku tatu. Kwa sababu hiyo sitaweza kufanya mtihani wa kesho saa tatu asubuhi. Naomba kuuahirisha na kuufanya katika awamu ya mitihani maalumu. Naambatisha karatasi ya zahanati." Basi. Kumtumia kiongozi wa darasa ujumbe wa simu ni vizuri, lakini ujumbe huo hauwi barua yako. Na asubuhi, hata kama ni kwa kushikiliwa mkono, mtu angekupeleka au angeipeleka karatasi hiyo kwa daktari wa chuo aithibitishe, kwa sababu kanuni nyingi zinataka cheti cha hospitali ya nje kipitie kwake.

Niliwahi kusimamia mtihani ambao kijana mmoja wa mstari wa pili aliandika kwa saa mbili bila kuinua kichwa. Nilipokusanya vijitabu niliona ukurasa wake wa kwanza umenyooka vizuri, wa tatu maneno yameanza kuteremka nje ya mstari, na wa tano ulikuwa na sentensi moja iliyorudiwa mara tatu. Jioni ile alilazwa. Hakumwambia mtu yeyote kwamba anaumwa, na kijitabu chake kilisahihishwa kama vilivyosahihishwa vingine vyote, kwa kuwa hapakuwa na karatasi yoyote ya kusema vinginevyo. Dawa mseto humezwa mara sita ndani ya siku tatu, na mwili unaopambana na malaria hauwezi wakati huohuo kukumbuka mpangilio wa hati ya madai. Aliyekushauri uingie alikutakia mema, lakini alikushauri vibaya.

Swali: Ndugu Mwandishi, niko mwaka wa tatu wa shahada ya sheria mjini Dodoma. Mama yangu mdogo alifariki Bukoba siku mbili kabla ya mtihani wangu wa sheria ya ardhi. Yeye ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Niliomba kuahirisha, ofisa akaniambia kanuni inamtambua mzazi, mwenza, mtoto na ndugu wa kuzaliwa tumbo moja, na kwamba shangazi hayumo. Nilisafiri kumzika bila ruhusa. Nitafukuzwa? — *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Pole kwa msiba, binti yangu. Mungu amrehemu marehemu.

Tazama kwanza neno lililobadilika njiani. Wewe ulisema mama mdogo, ofisa akasikia shangazi. Kwa desturi zetu mama mdogo ni mama, lakini kanuni nyingi za mitihani zimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo dada wa mama na dada wa baba huitwa kwa neno moja, na hapo ndipo wanafunzi wetu wanapoumia. Hata hivyo usijenge hoja yako juu ya desturi peke yake. Ijenge juu ya malezi, kwa kuwa aliyekulea tangu ukiwa na miaka minne alikuwa mlezi wako, na ni vigumu kwa mtu mwenye nia njema kusema kwamba neno mzazi limwache nje mlezi aliyechukua nafasi ya mzazi.

Malezi yanathibitishwa kwa karatasi. Tafuta fomu ya kujiunga na shule ya sekondari au chuo ambayo yeye alijazwa kama mlezi, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza kwamba alikulea nyumbani kwake. Kuhusu kifo chenyewe, kibali cha mazishi hupatikana mapema kuliko cheti cha kifo, ambacho familia itakifuatilia baadaye RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Barua ya parokia au ya msikiti nayo inafaa. Ongeza tiketi ya basi ya kwenda na kurudi. Usione kwamba ni aibu kutunza tiketi ya safari ya msiba, kwani ndiyo inayoonyesha kwamba siku ile ulikuwa Bukoba, kando ya kaburi.

Kosa ulilofanya ni kuondoka bila kuacha barua baada ya kukataliwa kwa mdomo. Ofisa mmoja aliye dirishani si mwenye kauli ya mwisho. Andika sasa kwa mkuu wa idara, ukieleza uliomba lini, kwa nani, ukajibiwa nini, kisha uombe utoro huo utambuliwe kuwa na sababu za msingi. Na kama utaitwa mbele ya kamati, nenda. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu wakati haki zake zinapoamuliwa, na hakuna njia rahisi ya kuitupa haki hiyo kuliko kutotokea siku ya kusikilizwa.

Nawaomba na maofisa wa vyuo, kwa moyo wangu wote: mwanafunzi aliyefiwa anapofika dirishani, mpeni fomu aijaze hata kama mnadhani ombi litakataliwa. Kukataliwa kwa maandishi kunampa mahali pa kukata rufaa.

Swali: Wakili, naomba unishauri na usitaje nilipo. Sina ugonjwa wowote wa mwili. Kila mtihani unapokaribia silali, mapigo ya moyo yananienda mbio, na mara ya mwisho nilisoma swali la kwanza mara kumi bila kulielewa. Kuna mtu anauza ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzishwa, yenye mhuri wa hospitali. Rafiki zangu wanasema wengi wamezitumia. Nifanye hivyo ili nipate muda? — *Msomaji*

Jibu: Hapana, mwanangu. Kutengeneza au kuwasilisha cheti cha uongo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Vilevile ni rahisi kukigundua kuliko unavyodhani, kwa sababu mgonjwa halisi huandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, yaani cha kumbukumbu za wagonjwa, kwa tarehe na namba yake, na daktari wa chuo akipiga simu hospitali kuulizia namba hiyo, jibu hupatikana. Zaidi ya hapo, wewe unataka kuwa wakili. Siku utakapomwomba Jaji Mkuu akuandikishe, mwenendo wako utatazamwa, na karatasi ya kughushi iliyomo kwenye jalada lako la chuo inaweza kuibuka hata miaka kumi baada ya mtihani wenyewe kusahaulika.

Lakini barua yako imenigusa kwa sababu nyingine. Unasema huna ugonjwa, kisha unanieleza dalili za ugonjwa. Kukosa usingizi, moyo kwenda mbio na akili kugoma kupokea maneno uliyoyasoma mwaka mzima ni mambo ambayo daktari wa afya ya akili anayafahamu, anayatibu, na anaweza kuyaandikia cheti halali kama cha malaria. Nenda ukamwone mapema, wiki kadhaa kabla ya mitihani, si usiku wa mwisho, ili pawe na historia ya matibabu kwenye faili lako. Mshauri wa wanafunzi anaweza kukuelekeza pa kwenda, na mazungumzo yenu ni ya siri. Ulikuwa unataka kununua kwa fedha kitu ambacho pengine unastahili kupewa kwa haki.

Swali: Hujambo Wakili? Mimi ni Mkenya, nafanya mitihani ya uwakili Nairobi. Natarajia kujifungua wiki ya mitihani. Niliwaandikia barua waalimu wangu miezi miwili iliyopita na sijajibiwa. Je, nina haki ya siku za uzazi kama wafanyakazi? — *Msomaji, Nairobi*

Jibu: Sijambo, dada, na nakutakia uzazi salama. Likizo ya uzazi iliyo kwenye sheria za kazi ni ya mwajiriwa. Hapa kwetu Tanzania wanafunzi wa kike hunitajia zile siku 84 za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nami huwajibu hivyohivyo: siku hizo ni za mfanyakazi, na mwanafunzi hutegemea kanuni za taasisi yake.

Kinachonitia shaka ni mahali ulipopeleka barua. Kwenu Kenya, Shule ya Sheria (Kenya School of Law) ndiyo inayofundisha, lakini mitihani ya uwakili, ile karatasi tisa, huendeshwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Barua iliyobaki mikononi mwa waalimu huenda haijawahi kufika kwa mwenye mtihani. Iandike upya leo kwa Baraza lenyewe, uambatishe nakala ya kadi ya kliniki yenye tarehe ya kutarajia kujifungua, na uende nayo mwenyewe au umtume mtu ili nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Taja karatasi zipi unaweza kuzifanya kabla ya siku zako, maana si lazima uahirishe zote tisa. Kama utafanya baadhi, omba kiti karibu na mlango na ruhusa ya kwenda msalani.

Wakikukataa, omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba yenu ya mwaka 2010 na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 zinakupa haki hiyo. Kisha kuna jopo la rufaa lililoundwa na Sheria ya Elimu ya Sheria ya mwaka 2012, nalo litangulie kabla ya Mahakama Kuu. Kwa wasomaji wa Tanzania, anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chuo huomba kwanza kibali ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe, na mahakama humuuliza kama alimaliza ngazi za rufaa za ndani. Nimeona wenye madai mazuri wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya mwezi mmoja uliozidi.

Swali: Mheshimiwa, mimi ni mhadhiri kijana. Muhula uliopita mwanafunzi alianguka kifafa nikiwa msimamizi. Chumba kizima kilisimama, mmoja akataka kumwekea kijiko mdomoni, nami sikujua nianze na mwanafunzi au na mtihani. — *Msomaji, Mwanza*

Jibu: Unaanza na mwanafunzi, mwenzangu, na hakuna kanuni ya mtihani itakayokulaumu kwa hilo. Kijiko kisiwekwe, wala kidole, wala kitu kingine chochote mdomoni. Sogeza meza na viti, weka sweta au koti lililokunjwa chini ya kichwa chake, legeza kola, tazama saa, na usimkandamize. Mtikisiko ukikoma, mlaze ubavu ili mate yatoke. Ukizidi dakika tano, au ukirudi tena kabla hajapata fahamu, ni wa kukimbizwa hospitali, na gari liitwe mapema badala ya kungojea.

Ukiwa na msimamizi mwenzako, mmoja abaki na mgonjwa, mwingine awasimamie waliobaki. Waambie kwa sauti ya utulivu wageuze karatasi zao kifudifudi, wasizungumze, na kwamba dakika zilizopotea watarudishiwa. Kisha uziandike ubaoni na kweli uwarudishie. Wasimamizi wengi hulisahau hili, na wanafunzi huwa wamekwishatikiswa kwa kuona mwenzao akianguka mbele yao.

Kijitabu cha aliyeugua kichukue wewe mwenyewe. Piga mstari chini ya neno la mwisho aliloandika, andika saa pembeni, saini, kisha kiweke kwenye bahasha ya peke yake. Akizinduka baada ya dakika ishirini na kusema yuko tayari kuendelea, usimkubalie kwa huruma, kwa kuwa baada ya kifafa mtu hubaki na uchovu na mkanganyiko ambao yeye mwenyewe haujui; mpeleke kwa daktari wa chuo, naye ndiye aandike kama anaweza kuendelea. Mtu aende naye, asipelekwe na dereva peke yake.

Ripoti yako iandike siku hiyohiyo kabla hujaenda nyumbani: saa aliyoanguka, muda wa mtikisiko, nani alimpeleka, ukurasa aliofikia, dakika ulizowaongezea wengine. Nakala moja ipeleke ofisi ya mitihani na nyingine kwa mshauri wa wanafunzi, ili atakapotoka hospitali akute ombi lake la mtihani maalumu lina ushahidi tayari, naye hana la kufanya ila kuongeza cheti cha daktari.